Bega la Kulia, Bega la Kushoto

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Rumonge: mzee aliyekanda nusu ya migongo ya mwambao wetu wa ziwa alilala na hakuamka. Mpiga simu alilia kidogo, akavuta pumzi, kisha akauliza, "Sasa kiuno yangu itakandwa na nani?" Sikuona ubaya. Kwa wavuvi wa Magara wanaovuta nyavu, na kwa watu wa Kizuka wanaobeba mikungu ya chikichi, marehemu hakuwa jirani tu. Ndiye aliyewawezesha kuinama kufunga viatu.

Wasomaji wangu mnanijua, siamini kitu mpaka kinionyeshe cheti. Nilimwambia marehemu mara nyingi kwamba mafuta ya mawese aliyokandia watu ni ya maharage, si ya viuno, naye hakukasirika. Miaka miwili iliyopita alikuja kwangu mabega yote mawili yamekaza, mikono haifiki hata masikioni. Mganga hajigangi, walisema wahenga, ila hawakusema aende wapi. Yeye alikuwa amesikia kwamba Bujumbura yuko daktari anayekutoa damu yako mwenyewe, anaizungusha kwenye mashine, kisha anakuchoma sindano ya sehemu ya damu hiyo penye maumivu ili mwili ujitengeneze.

"Tutaenda wote," akaninong'oneza. "Weye hauamini hata mvua, utamuuliza maswali. Lakini usiseme kwa mutu! Bila hii mikono miye niko nani? Niko muzee wa kukaa tu."

Wateja wake aliwaaga kuwa anakwenda harusini.

Kwa daktari niliuliza maswali mpaka muuguzi akanisogezea kiti karibu na mlango. Daktari alikuwa muungwana, akakiri kwamba wengine hupata nafuu, wengine hawapati, na watafiti bado wanabishana. Marehemu hakusikiliza. Alikuwa ameinamia kichupa kilichotoka kwenye mashine, damu nzito imezama chini, juu pamebaki maji ya manjano. "Ah! Iko kama mawese," akasema kwa furaha. "Unachemsha, unaacha itulie, unachota ya juu. Dogteri, hii kazi unaijua!" Daktari alichoma bega la kulia peke yake, waone kwanza, akaagiza lisikandwe hata kidogo kwa wiki mbili.

Hapo kichwa changu cha chuo kikuu kikawaka. Njiani nikamwapisha: bega la kulia liachiwe sindano, la kushoto likandwe kwa mawese, na mwisho wa wiki mbili tujue ukweli ambao mwambao mzima haujawahi kuujua. Akaapa. Siku ya nne nilimkuta barazani kifua wazi, mabega yote mawili yanang'aa kwa wekundu wa mawese kama samaki waliotoka kikaangoni.

"Mzee! Umeharibu utafiti!"

"Ile ya kulia ilianza kuona wivu."

"Daktari si alikataza kukanda?"

"Alikataza kukanda. Miye nimeipapasa tu."

Nilimnunia. Mwezi wa pili tangu sindano, mikono yake ilipanda juu ya kichwa, yote miwili, na wavuvi wakarudi kupanga foleni mlangoni. Nikaenda kumsihi aniambie ukweli: ilikuwa sindano ama mawese?

"Weye ndiye unataka kujua," akasema. "Miye nilitaka mikono ipande. Imepanda. Lala hapo, shingo yako iko kama muti."

Nimelifikiria jibu hilo tangu Jumatatu. Wanaocheka mawese huiheshimu mashine kwa sababu ina kelele, na wanaoogopa mashine huyaheshimu mawese kwa sababu bibi zao waliyapenda. Pande zote mbili hazijauliza chochote. Mimi nitaendelea kuuliza, maana wapo watakaochomwa sindano isiyowafaa, na wapo watakaokandwa penye mfupa uliovunjika. Lakini naona aibu kidogo. Mtu aliogopa kupoteza kazi yake, akaipata tena, nami nikapitisha mwezi mzima nimenuna kwa sababu hakuipata kwa utaratibu.

Siku ile nililala, akanikanda, na shingo ikalegea kabla ya jioni. Huenda ingelegea yenyewe. Sina shingo ya pili ya kulinganisha. Maswali yangu bado ninayo yote. Siku hizi huyauliza baada ya kutoa pongezi.