Njia ya Addis ya Kwenda Kumuozesha Salma

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile dada yangu Salma aliponipigia simu kutoka Kuala Lumpur, alikokuwa akisoma. Alikuwa amepata mchumba, na baba yetu alikuwa ameshafariki.

"Kaka, walii wangu ni wewe," akasema. "Nataka uniozeshe kwa mkono wako, si kwa wakili."

Nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha nikakaa tena. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekwenda nchi moja ya Ghuba kufanya kazi. Mwajiri hakuwa amekamilisha kibali changu, nikazuiwa pale pale uhamiaji, muhuri wa kuingia ukafutwa kwa kalamu kwenye pasipoti yangu, nikarudishwa Mombasa. Na ndege ya rahisi ya kwenda kwa Salma ilipitia nchi hiyo hiyo.

Nikashuka sokoni Marikiti kwa Bi Nargis, mama wa Kihindi aliyekuwa akiuza tikiti ghorofani, juu ya duka la viungo. Nikamweleza yote, nikamwomba anisaidie maneno ya kumwambia Salma kwamba siendi.

Akavua miwani. "Mtoto wewe, nchi moja imekukataa, nawe wajikataza dunia nzima? Kaa hapo."

Nikamwambia kwamba rafiki zangu walinishauri nichukue pasipoti mpya, ninyamaze.

"Jina lako li kwenye kompyuta zao," akanijibu. "Wako wanaopita nchi iliyowakataa, wakangoja ndege ya pili humo humo uwanjani. Lakini si kila nchi hukubali, lazima uulize kwanza. Na safari hii uliyoiona wewe ni tikiti mbili. Ukifika pale utalazimika kutoka kuchukua sanduku lako, yaani upite uhamiaji. Watakurudisha papo hapo, na harusi ikupite."

Akapiga simu huku na huku, nami moyo ukinidunda kama ngoma ya chakacha. Hatimaye akaniita mezani. Alikuwa amepata njia ya Addis Ababa, tikiti moja tu, sanduku likipokelewa Mombasa na kutolewa Kuala Lumpur. Nilitamani kumbusu mkono, lakini Bi Nargis si mtu wa kufanyiwa hayo.

Basi nikaruka, mwanangu! Addis nilibadili ndege nikitembea kama mwenye kiwanja. Kuala Lumpur, afisa akafunua pasipoti, akauona ule muhuri uliofutwa kwa kalamu.

"Hapa palikuwaje?"

Nikamweleza kama ilivyokuwa, nikamwonyesha tikiti ya kurudi na kadi ya harusi. Akatazama kadi, akanitazama mimi. "Wewe ndiye utakayeozesha?" Nikamwambia ndimi. Akagonga muhuri, akacheka. "Fanya haraka basi."

Siku ya pili nilikishika kiganja cha bwana harusi mbele ya kadhi, na nyuma ya pazia nikamsikia Salma analia na kucheka pamoja.

Kwa hivyo, mwanangu, ukikataliwa mahali usione haya ukajifungia. Mwambie anayekukatia tikiti ukweli wote kabla hujalipa. Uliza ndege itapitia wapi, na sanduku utalichukulia wapi. Na afisa akikuuliza, usimfiche, kwani ulilolifanya kwa halali halina la kufichwa.

Mungu akufungulie njia, akufikishe salama kwa wanaokungoja, na akurudishe kwetu ukiwa na habari njema.