Bango Lililokwenda Harusini

Kisiwa chetu hakina mlima. Kina ngazi, kina mawe ya matumbawe, kina mashimo ya barabarani yanayoweza kumeza mbuzi, lakini mlima hakina. Kwa hiyo niliposoma kikaratasi kilichobandikwa nje ya duka la mikate, kwamba kutakuwa na mashindano ya baiskeli za milimani kuzunguka Mombasa, nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akaniuliza kulikoni. Kisha nikaacha kucheka, nikamuomba kalamu.

Nilikuwa na miaka arubaini na sita, watoto wangu wakubwa, na kazi yangu ni ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya gia, yenye matairi mapana. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikienda nayo kazini na kurudi nayo nyumbani Mji wa Kale, suruali chini, kanzu juu, mtandio umebanwa kwa pini nne. Majirani walisema yote waliyokuwa nayo ya kusema, mwisho wakachoka.

Siku ya kujiandikisha nilimkuta katibu wa kamati, mzee mmoja mnene mwenye kofia ya viua, ameketi nyuma ya daftari jekundu. Aliinua macho akaniuliza mwanangu yuko wapi.

"Mwanangu yuko Nairobi, yuasoma," nikamwambia. "Anayeshindana ni mimi, ami."

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akanitazama tena. "Haya. Kamati imesema mwaka huu tujaribu na wanawake, wala si mimi niliyesema. Mpo watatu. Akimaliza hata mmoja, akaandikwa humu," akaligonga daftari kwa kidole, "mwakani mtakuwa na mashindano yenu. Asipomaliza mtu, basi, tusisumbuane tena."

Niliudhika, sifichi. Niliudhika kwa sababu alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa asijali. Lakini kazi yangu imenifunza kwamba kilichoandikwa kimetokea na kisichoandikwa ni porojo. Nimewahi kusimama mbele ya dirisha la afisa toka saa mbili asubuhi mpaka alasiri kwa ajili ya muhuri mmoja, na muhuri nikaupata. Nikatia saini yangu, nikaenda zangu.

Tuliambiwa tufike uwanja wa Makadara saa kumi na mbili u nusu, mashindano yaanze saa moja. Saa moja ilipofika, pale uwanjani palikuwa na sisi waendeshaji, viti vya plastiki, na wanaume wanne wakibishana jinsi ya kusimamisha turubai. Turubai lenyewe lilikuwa la mtaa mmoja wa Majengo. Huku kwetu mtaa huwa na turubai lake, viti vyake, meza zake na masufuria yake, vyote vya kuazimana, leo harusi, kesho matanga, na haifai kumnyima anayeomba. Katibu naye alikuwa ameomba. Nilimsikia akiwaahidi wenyewe kwamba saa tatu vitu vyao vyote vitakuwa vimerudi, maana siku hiyo hiyo walikuwa na karamu ya harusi mchana. Kwa kuwa hapakuwa na nguzo za kutundikia bango la kumalizia mashindano, walilishonea kwenye ukingo wa turubai kwa sindano ya magunia, na likashonwa likashoneka. Katibu akatutangazia kwamba mwisho ni pale penye bango.

Nambari zetu ziliandikwa nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Yangu ilikuwa thelathini na moja. Maji ya kunywa hayakuwa yamefika. Kipaza sauti kilifika bila waya wake. Na hatukuweza kuondoka, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa njiani.

Mgeni wa heshima alifika saa mbili na robo. Alihutubia nusu saa nzima juu ya faida za mazoezi, huku mwenyewe akihema kwa kupanda jukwaa la hatua mbili. Ikafuata dua. Ikafuata kutafuta filimbi, na filimbi ilikuwa imesahauliwa nyumbani. Katibu akaamua kupiga makofi badala yake. Nusu ya waendeshaji waliondoka kwa kasi, na nusu nyingine tukabaki tukipiga makofi pamoja naye, tukidhani tunamshukuru mgeni. Mimi nilikuwa katika nusu hiyo ya pili. Nilipotambua, wenzetu walikuwa wamekwishakata kona.

Basi nikakanyaga. Tulikwenda upande wa mnara wa taa, tukaiacha lami, tukaingia kwenye kinjia cha mawe juu ya bahari. Yale mawe yana meno. Usukani uliniruka mikononi na viganja vikaanza kuwaka moto. Hapo nikamkuta mmoja wa wale wanawake wawili, msichana wa chuo, amekaa chini na mnyororo umekatika mkononi mwake kama shanga. Nilisimama. Sikuwa na chombo cha kuungia, yeye hakuwa nacho, na gari la fundi tulilotangaziwa halikuonekana siku hiyo wala sijaliona hata leo.

"Nenda, mamangu," akaniambia. "Usinisubiri mimi."

Mbele kidogo nilimfikia wa pili, muuguzi, ambaye miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu mara mbili. Alikuwa amesimama barabarani akitazama saa. Zamu yake ilianza saa nne, na kama mashindano yangeanza kwa wakati wake angekuwa amekwishaoga. Alikuwa karibu kulia kwa hasira.

"Umebaki wewe, dada," alisema. "Wallahi usipomaliza hawa watatucheka mpaka kiama."

Akageuza baiskeli akaenda kazini. Nami nikasikia uzito wa jambo lile ukinikalia mabegani. Mpaka dakika ile nilikuwa na ubishi wangu na yule mzee tu. Sasa nilikuwa nimebeba na mnyororo wa mwenzangu na zamu ya mwenzangu mwingine. Niliogopa, kwa sababu pumzi zangu nazijua, si za mbio. Nikajiambia sitakimbia, nitakwenda tu, lakini sitasimama.

Kilindini ndiko tulikoahidiwa msimamizi wa kuzuia malori. Kiti chake kilikuwepo, na kikoi chake juu ya kiti. Yeye mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara na sahani ya mbaazi na mahamri, akanipungia mkono kwa moyo mkunjufu. Malori yalikuwa yamefuatana foleni, na matope yenye dizeli yaliteleza kama sabuni. Bahati yangu, madereva wale ndio ninaoshinda nao juma zima.

"Bi karani!" mmoja aliita kutoka juu. "Leo karatasi yenyewe umeibandika mgongoni? Ni ya mzigo gani?"

"Mzigo ni mimi!" nikamjibu.

Akacheka, akalilaza lori lake mshazari, akaziba njia nzima, na wa nyuma wakapiga honi mpaka wakanyamaza. Nikavuka peke yangu kama mke wa balozi. Nilitamani kumshukuru vizuri lakini sikuwa na pumzi ya maneno mawili.

Kutoka hapo njia ilikata mjini mpaka Mji wa Kale. Kamati ilikuwa imechora mishale ya chokaa chini, alfajiri, kwenye kila kona ya vichochoro. Wanakamati wote walizaliwa kisiwani hapa na mama zao wapo, lakini hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamke wa Mji wa Kale akiamka hufagia mlango wake na kumwagia maji. Saa nne vichochoro viling'aa kwa usafi, na mshale hata mmoja haukuwepo. Nilikutana na wanaume wawili wanaotoka huku na mmoja anayetoka kule, wote wakitafuta njia. Mmoja alikuwa ameingia mpaka uani kwa watu na akapewa chai. Watatu hao waliamua kurudi makwao.

Mimi nilikuwa nimeinakili ramani kutoka daftari la katibu, kwa sababu ramani isiyo mkononi mwangu siiamini. Ilisema kushuka ngazi mpaka majini, kugusa ukuta, kisha kupanda tena. Pale juu ya ngazi nilisimama kwa muda. Hapakuwa na msimamizi. Hapakuwa na mtu wa kunihesabu. Ningeweza kupita moja kwa moja, na dunia nzima isingejua. Nilizichukia zile ngazi kwa moyo wangu wote. Nikaitia baiskeli begani, nikashuka, nikaugusa ukuta kwa kiganja, nikapanda, nikipumzika kila hatua ya tano. Bibi mmoja dirishani aliniuliza kama nahama nyumba.

Saa tano kasorobo niliingia Makadara, kichwa chini, nikikanyaga kwa nguvu za mwisho. Nilipoinua kichwa, uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na viti, hapakuwa na meza. Alikuwepo muuza kahawa tu, akikusanya vikombe vyake.

"Wamekwenda, bi," alisema. "Wenye harusi wamekuja na mikokoteni wakataka turubai lao. Katibu aliomba wangoje, wakamwambia nyama iko motoni."

"Na bango?"

"Walijaribu kulifumua, likashindikana. Limekwenda vile vile."

"Na daftari?"

"Lilikuwa mezani. Meza nayo ni yao."

Nilikaa chini, katikati ya uwanja, na machozi yakanitoka ya ghadhabu. Nilimfikiria yule mzee mwakani, akisema kwa upole wake, tuliwajaribu, hakumaliza mtu. Muuza kahawa akanipa kikombe cha maji. Nikanywa, nikauliza ni mtaa gani wa Majengo, nikapanda baiskeli.

Haikuwa kazi kuipata nyumba, pilau ilinielekeza. Turubai lilikuwa limetandwa juu ya kichochoro kizima, na ukingoni mwake, juu ya vichwa vya wageni, bango letu lilining'inia na herufi zake kubwa nyekundu: MWISHO WA MASHINDANO. Chini yake mama wa bwana harusi, katika leso mpya kabisa, alikuwa akimfokea mwanamke aliyepanda kiti na wembe mkononi.

"Kata, kata upesi! Mwanangu ndiyo kwanza aanza, nao wanitundikia mwisho!"

Na katibu? Katibu alikuwa ameketi mkekani na sahani ya pilau mbele yake. Kurudisha turubai la watu siku ya harusi kisha ukatae chakula chao ni utovu wa adabu, nami silaumu. Daftari jekundu lilikuwa pembeni yake, na bakuli la kachumbari limewekwa juu yake.

"Msikate!" nikapiga kelele.

Watu wote wakageuka. Nilikuwa nimejaa matope mpaka nyusi, na ile kalenda mgongoni imelowa imekuwa uji.

"Mashindano yamekwisha, mwanangu," katibu alisema, mkono uko njiani kuelekea mdomoni. "Uwanja tumeufunga."

"Uwanja mmeufunga, ami, lakini mwisho ni pale penye bango. Ndivyo mlivyotuambia asubuhi. Bango ni lile, nami sijalipita."

Mama wa bwana harusi alinitazama toka mtandio mpaka viatu. "Watoka wapi wewe?"

"Makadara, mama. Kwa kupitia Kilindini."

"Kwa hiyo baiskeli?"

"Kwa hii."

"Na ukipita hapa chini, mwaliondoa guo lenu?"

"Ukitaka nitalifumua kwa meno."

Akamgeukia mwenye wembe. "Shuka kwanza. Mpisheni apite."

Wakaondoa viti. Wakasogeza sufuria. Waliokuwa wakila waliinua sahani zao wakajibana ukutani. Nikarudi mpaka mwanzo wa kichochoro, kwa sababu sikutaka mtu aje aseme nilisukuma, nikapanda, nikaja nimekaa wima, nikapita chini ya lile bango. Mama wa bwana harusi ndiye aliyeanza kigelegele, na mtaa mzima ukampokea. Nililia tena, na safari hii sikujali ni nani aliyeniona.

Katibu alinawa mikono, akaliondoa bakuli, akafungua daftari. Kulikuwa na orodha moja tu ya waliomaliza, ya wanaume, imejaa mpaka chini. Akafungua ukurasa wa pili, akapiga mstari kwa ukingo wa sinia, akaandika juu yake WANAWAKE, na chini yake jina langu na saa niliyofika. Nilimsimamia mpaka herufi ya mwisho.

Kisha, ili karatasi isipotee bure, akaanza kuandika hapo chini ya jina langu idadi ya viti alivyorudisha. Niliweka kiganja changu kichafu juu ya ukurasa.

"Hapo usiandike kitu, ami," nikamwambia. "Hapo pana watu."