Mume wangu kaacha uvuvi, sasa yuko nyumbani giza na mbalamwezi. Nilivyomfungia begi bila kujua

Wakuu wa humu, assalam aleykum, na wale wa upande wa pili Bwana asifiwe.

Nimetoka kuswali alasiri sasa hivi na udhu bado ninao, kwa hiyo chumvi humu sitatia. Kama kuna mahali mtaona nimezidisha, jueni ndivyo ilivyokuwa.

Mimi ni mama wa Ujiji, miaka arobaini na kitu. Kazi yangu kuanika dagaa pale mwaloni Kibirizi, vyombo vya uvuvi vinaposhushia. Jioni nasoma masomo ya watu wazima, niko kidato cha pili, na Kiingereza kinanitoa jasho kuliko jua la kwenye chanja za kuanikia.

Mume wangu nitamwita Baba Zuhura. Mvuvi wa dagaa tangu hajanioa.

Sasa kwa wale wa mbali msiojua ziwa letu. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa haina maana, wanaume wanarudi nyumbani kupumzika. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Mwezi ukipungua wanarudi majini. Hilo tunaita giza.

Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa inaenda kwa mwezi wa angani. Giza, mimi ni boss wa nyumba. Mbalamwezi, mume yupo, nafukiza udi, napika samaki kuhe kwa mawese, watoto wanaambiwa wasipige kelele.

Tulikuwa maharusi wa kila mwezi, wakuu. Miaka ishirini na kitu hatujagombana vya maana, na watu wa mtaani wakatupa sifa ya subira.

Subira gani. Muda wa kugombana ulikuwa haupo. Mtu anakuudhi leo, ukisema utamwambia kesho, kesho giza limeingia na yeye yuko Kagunga huko anavuta wavu.

Basi mwaka jana mgongo ukamkataa. Daktari akamwambia akiendelea kuvuta nyavu, siku moja atashindwa kuinuka kabisa. Akamwachia mtoto wa dada yake nafasi kwenye chombo, akarudi nyumbani full time.

Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Nilichinja na kuku.

Kuku hajaisha, mambo yakaanza.

Kwanza usiku halali. Mwili umezoea kukesha, kwa hiyo anazunguka ndani, anakaza nati za meza. Mchana analala, mimi natembea kwa vidole kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Akiamka anauliza, "Hapa mnakula saa ngapi?" Utadhani kafikia gesti.

Akapanga masufuria yangu upya, kubwa chini, dogo juu, eti kwenye chombo ndivyo vitu vinavyokaa visidondoke. Nikamwambia nyumba hii haina mawimbi. Akacheka, kesho yake akapanga na vikombe.

Halafu akaanza kunifuata mwaloni kunifundisha kugeuza dagaa. Mimi! Wenzangu wakapata cha kucheka, wakamwita msimamizi.

Nikampigia Zuhura, binti yetu aliyeolewa Kalinzi, nimweleze. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mama, mimi nilishaolewa. Huyo ni wako."

Nikawa mkali kidogo. Sikumtukana, hilo hapana. Lakini nikawa najibu kifupi, na chakula namwekea mezani nakwenda zangu kusoma. Naye akanyamaza. Akawa anakaa kibarazani anaangalia upande wa ziwa, na redio kaizima.

Nikasema alhamdulillah, ametulia.

Wakuu, mwanaume wa maji akitulia msishukuru haraka.

Sasa ndiyo hapa penyewe. Nina kawaida yangu tangu niolewe. Siku giza linapoingia, nikimaliza kuswali alasiri nafunga begi lake. Sweta, koti la mvua, chupa ya chai ya tangawizi, kopo la ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga. Naliweka nyuma ya mlango. Yeye hasemi kitu, mimi sisemi kitu, analibeba anakwenda. Kuaga sana kwa mvuvi watu wa huku hawapendi.

Hiyo siku mbalamwezi ilikuwa imekwisha. Nimeswali, kichwani nina kaswida ya watoto wa madrasa na maneno ya Kiingereza ya jaribio la jioni. Nikakaanga mgebuka. Nikakunja sweta. Nikaweka begi nyuma ya mlango, nikachukua daftari nikaenda darasani.

Wallahi sikujua nimefanya nini. Mikono ilifanya, mimi sikuwepo.

Narudi baada ya magharibi, nyumba kimya. Simu yake iko juu ya godoro, wavuvi hawaendi nazo majini. Nyuma ya mlango hakuna kitu. Nikasimama pale nautazama ule ukuta mtupu, ndipo moyo ukaniambia ulichoweka hapo ni nini.

Nikatoka mbio kwa jirani yangu Mama Riziki. Akaniambia Baba Zuhura amempita na begi begani, kamsalimia vizuri tu. Alipomuuliza wapi tena na mgongo ule, akajibu kwamba mwenye nyumba ameshaamua.

Usiku ule sitausimulia. Mswala wangu unajua.

Alfajiri nikaswali, nikachukua bodaboda mpaka Kibirizi. Sikubeba hata beseni, na wenzangu wakajua hapa kuna jambo. Usiku wa kwanza wa giza vyombo hushushia hapo kabla ya kwenda mbali, vikaanza kuingia kimoja kimoja. Mimi naangalia watu, siangalii dagaa.

Chombo cha yule mpwa kikafika. Vijana wanashuka, Baba Zuhura kakaa nyuma, kashika ubao kwa mikono miwili, hainuki. Nikaona hapo hapo ndiyo mwisho, ule aliousema daktari.

Kijana mmoja akanipigia kelele, "Mama Zuhura, njoo uchukue mzigo wako. Usiku kucha anatufundisha kushika taa!"

Watu wakacheka. Wakamwinua wawili, akasimama. Kapinda, lakini kasimama. Kumbe walimkatalia kugusa wavu, wakamkalisha na taa. Mungu awape wake wema vijana wale.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yaliyotoka ni, "Mgongo?"

"Upo."

Tukakaa kwenye mchanga, pembeni ya chanja. Akaliweka begi katikati yetu, akasema, "Ulinifungia begi."

Nikamwambia mikono ndiyo iliyofunga, imezoea, mimi nilikuwa naimba kaswida. Akanitazama kama anayepima samaki.

"Si nimeshakuwa mgeni pale. Mgeni akifungiwa begi, anaaga."

Hapo machozi yakanijia na hasira ikanijia, vyote pamoja. Nikamwambia, "Baba Zuhura, mgeni hawezi kugusa masufuria yangu nikanyamaza. Mgeni hawezi kuniudhi kiasi hiki. Anayeweza ni mwenye nyumba tu."

Akainamisha kichwa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Anacheka, na mgongo unamuuma kwa kucheka.

Akafungua begi, akatoa kopo. Hakuwa amekula. Ugali umekauka kama tofali, mgebuka baridi. Tukala hapo hapo wawili, na kundi zima la waanika dagaa wanatuangalia.

Masufuria bado anapanga. Nimeacha kabati moja lake, apange anavyotaka, mengine asiguse. Saa za kulala tunavumiliana. Na siku hizi naye namjibu anaponiudhi, siku hiyo hiyo, sisubiri giza.

Nilichojifunza ni hiki. Kumvumilia mtu anayeondoka si kazi kubwa. Uvumilivu unapimwa kwa mtu anayebaki. Na mwanaume aliyeacha kazi msimwekee chakula tu, mwonyesheni pa kukaa.

Nyie wake wa madereva wa malori, wa wanajeshi, wa mabaharia, ambao wazee wamerudi nyumbani moja kwa moja, mlifanyaje? Wanaume nanyi semeni, siku ya kwanza bila kazi nyumba mliionaje? Kejeli ruhusa, matusi hapana.

Mimi naishia hapa. Leo giza linaingia, begi nimeshalifunga liko nyuma ya mlango. Kopo limejaa mpaka kifuniko kinakataa, maana siku hizi ni la watu wawili. Tunakwenda kukaa mchangani, yeye aangalie vyombo vikitoka na awalaumu vijana wanavyofunga taa, mimi nimsaidie kutafuna mgebuka wake.

Ameshasimama mlangoni, akiniona nimeinama kwenye simu anadhani nasoma. Anauliza kama Kiingereza kimeisha.