Mtunza Uyoga Mkavu

Mzee anayetunza uyoga mkavu kwenye makumbusho ya hapa Oregon amemchosha Delphine, karani wake. Kila bahasha huifungua kwa kucha mbili, huunusa uyoga, husoma lebo kwa sauti, kisha huikunja upya polepole kama anayemfunika mgonjwa. Ukimharakisha hujibu, "Binti, huu umelala hapa miaka themanini. Wewe unawahi wapi?"

Jumanne alikuja mwanamume na mabaki ya uyoga ambao mkewe aliuchuma msituni akaula. Mke alikuwa ametapika siku nzima hospitalini, lakini sasa alikuwa amepata nafuu na alitaka kurudi nyumbani. Mzee akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa. Akafungua bahasha ya kwanza, akanusa. Ya pili, akanusa.

"Mzee, nakuomba, kuna mgonjwa anasubiri jibu," Delphine akasema kwa hasira.

Mzee akafungua ya tatu, akalinganisha na yale mabaki, akampigia daktari wa yule mke. "Msimruhusu aondoke. Nafuu hiyo ni ya uongo. Uyoga huu unakula ini."

Alhamisi ini lilianza kugoma kweli, lakini mke alikuwa bado mikononi mwa madaktari, wakamtibu akapona. Mumewe alipopiga simu kushukuru, Delphine alimpelekea mzee simu.

"Mwambie asubiri," akasema bila kuinua macho. "Niko katikati ya lebo."