Nafasi ya Mwitikiaji

Santuri za mzee mmoja wa kwetu, mpiga litungu, zilikuwa tisa, na mimi ninazo nane. Watu wakija kwangu wakaziona zimepangwa sandukuni, kila moja na karatasi yake, huniuliza ya tisa iko wapi, nami huwaambia ilivunjika. Ni uongo. Sipendi kueleza mambo ya nyumbani kwa mtu aliyekuja kuchukua suruali yake.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ile ya baada ya vita vya pili nilikuwa nimeweka cherehani yangu kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Kitale. Aliuza vitambaa, taa, majembe na santuri. Mlangoni aliweka gramafoni ya hendeli, akaicheza mchana kutwa ili wapita njia wasimame. Wao walisimama kidogo wakaenda zao. Mimi nilibaki nayo hadi jioni, nitake nisitake.

Siku moja akaweka santuri mpya, na mguu wangu ukasimama juu ya pedeli. Lilikuwa litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi saba, na sauti ilikuwa ya mzee niliyemjua tangu utotoni kwetu Kibabii, upande wa Bungoma. Hakukuwa na sherehe ya maana asiyoitwa. Na mtu aliyemwitikia kila wimbo, miaka mingi kabla ya vita, alikuwa ndugu yangu mkubwa.

Mzee alipopelekwa kwa treni hadi Nairobi kuimba mbele ya mashine, ndugu yangu alikwenda naye, akarudi na kofia mpya na majivuno ya mwaka mzima. Ati sauti yake sasa haifi. Nyumbani hatukuwa na gramafoni, kwa hivyo tulimcheka tu. Baadaye akaandikwa jeshini, akapelekwa Burma, na ikaja barua ya kusema amepotea.

Barua haikusema amekufa, na mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. "Kupotea si kufa," alisema. "Hata ng'ombe hupotea." Kila jioni alimwekea chakula chake, kisha akasimama nyuma ya nyumba akamwita kwa jina. Wazee wa ukoo walitaka tufuate desturi yetu kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana: ukatwe mgomba, uvikwe nguo, uzikwe badala yake. Mama akawaambia waende wakazike migomba ya kwao.

Mimi nami nilikwama hapo hapo. Kwetu mdogo haoi kabla ya mkubwa. Huko ni kumruka. Msichana niliyekuwa nimemwona alingoja misimu mitatu ya mahindi, akachoka. Simlaumu. Niliyemlaumu ni ndugu yangu, Mungu anisamehe, na papo hapo nilitamani kumsikia, hata kama ni kunitukana tu.

Sasa pale barazani ikaniingia akilini: kama mzee yumo humu, basi na ndugu yangu yumo. Nikaanza kumtafuta.

Mwenye duka aliniruhusu kusikiliza saa ya chakula, ila kwa sindano zilizotumika, na mimi nilizinoa kwenye jiwe langu la mikasi. Karatasi ya katikati ilikuwa na jina la mzee na jina la wimbo. Jina la mwitikiaji halikuandikwa popote, kwa hivyo ilinibidi nisikilize kila santuri ya mzee iliyokuwa dukani, pande zote mbili. Kulikuwa na wimbo wa nzige. Kulikuwa na wa fahali aliyewashinda mafahali wa ng'ambo ya mto, na wa mama mmoja aliyemfukuza karani wa kodi kwa mwiko. Huo ulinichekesha, nikacheka peke yangu na mdomo umejaa mkate. Lakini nilimaliza santuri nane zote, na ndugu yangu hakuwamo.

Halafu kulikuwa na jambo jingine. Katika kila wimbo mzee aliita vizuri, na palipofika mahali pa kuitikiwa, hapakuwa na mtu. Ni nyuzi tu zilizolia chini chini, kwa kiasi cha pumzi moja, kisha mzee akaendelea. Wateja walizirudisha wakisema ni mbovu. Mwenye duka akanitazama mimi na zile sindano zangu za kunoa, nami nikakasirika, kwa sababu hata mimi nilianza kujishuku.

Nikapanda baiskeli kwenda kwa mzee mwenyewe. Alikuwa amehamia kwa binti yake, karibu na maporomoko ya Webuye, na masikio yalikuwa yameanza kuziba.

"Baba," nikamwambia kwa sauti kubwa, "santuri zako zina nafasi tupu."

"Si tupu," akasema. "Hiyo ni ya ndugu yako. Watu wa mashine waliniletea mwingine, kijana mzuri tu, nikamwambia angoje nje. Ulitaka nimweke nani hapo?"

Akanieleza kwamba hizo nane zote aliziimba baada ya vita. Ya kabla ya vita ilikuwa moja tu, ya wimbo wa kuvuna wimbi, na ndugu yangu alikuwamo mwanzo hadi mwisho. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Hata kuisikia hajawahi.

Nilizunguka zaidi ya mwaka mzima nikiiulizia. Nilikuja kuiona sokoni pale pale Kitale, kwa mama muuza uji. Alikuwa ameifanya kifuniko cha mtungi. Nilimshonea gauni na kumpa kifuniko cha bati juu yake, akaamini amekutana na mjinga. Sikuijaribu dukani. Niliiosha, nikaifunga kwa kitambaa, nikaazima gramafoni, nikaipakata ndani ya basi mpaka Bungoma. Nilitaka mama awe wa kwanza.

Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Nikaweka sindano mpya, ya kwanza kuitumia maishani mwangu. Ikakwaruza, litungu likaanza, mzee akaita. Na ndugu yangu akaitikia. Aliitikia upesi, kabla mzee hajamaliza neno, vile alivyokuwa hana subira hata mbele ya sahani ya ugali. Katikati ya wimbo akakohoa, akacheka kidogo, akaendelea. Mimi nililia. Mama hakulia. Aliniambia nirudie, nikarudia, akaniambia nirudie tena.

Kisha akauliza, "Alikuwa anaitikia hivi kila akiitwa?"

"Ndiyo, mama. Si unamjua wewe mwenyewe?"

"Namjua," akasema. "Nami nimemwita miaka yote hii hapo nyuma ya nyumba. Huyu angekuwa hai, angekuwa ameniitikia." Akainuka kwenye kigoda. "Waambie wazee wakate mgomba."

Desturi inataka mgomba ushuke kaburini na kitu cha mwenyewe. Nguo zake tulikuwa tumezivaa zikaisha, na ile kofia aliondoka nayo. Mama akaja na santuri, ameifunga kwa leso yake. Nikakataa, tena mbele ya watu. Nikasema nimeitafuta mpaka miguu imevimba na nimeisikia mara tatu tu. Baba mdogo akaanza kusema asiyekuwepo na lake halipo, nikamwambia anyamaze. Adabu ilinitoka siku hiyo, na sijaomba msamaha.

Mama hakupandisha sauti. "Wewe ulikuwa unatafuta sauti," akasema. "Mimi sina mtoto wa kuzika. Nipe hiyo."

Nikaacha mkono. Ikawekwa juu ya mgomba, udongo ukafuata.

Tangu siku hiyo mama hakuweka tena chakula cha pembeni, na jioni alilala mapema. Watu waliniambia njia sasa iko wazi, nioe. Nimuoe nani? Yule msichana alikuwa na watoto wawili. Nikarudi kwenye baraza langu Kitale. Mwenye duka akanipa zile nane zilizorudishwa, kwa kuwa hakuna aliyezitaka, na baadaye nikajipatia gramafoni yangu.

Mzee naye ameshakufa. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, mimi huzicheza moja baada ya nyingine chumbani kwangu. Jumapili moja, katika wimbo wa nzige, mzee aliita, na kabla sijafikiri nikawa nimeitikia. Sauti ilinitoka kavu, ya mtu ambaye hajaongea na mwenzake tangu jana. Niliona aibu, kama nimekalia kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo. Nikainua sindano, nikapiga hendeli, nikaanza wimbo upya. Mzee alipofika pale akaita, nami nikafunga mdomo kwa pumzi moja, mpaka alipoendelea.