Kamba ya Tanga

Marehemu mume wangu hakuwa mlevi, na wanaosema alizama kwa sababu ya pombe wanamsingizia. Miaka thelathini alikuwa fundi saa, kazi isiyotaka mkono unaotetemeka. Mashua ile ndogo aliinunua alipostaafu, na tanga akalishona mwenyewe sebuleni kwa cherehani yangu.

Siku ile tulikuwa tukisafiri ziwani, kandokando ya ufuko, kwenda kumwona binti yetu. Kamba ya tanga aliishika mkononi kama kawaida yake, ili upepo ukizidi aiachie mara moja.

"Baba watoto, ifunge hapo kwenye ubao unimiminie chai," nikamwambia.

"Hii haifungwi, mama."

"Haya, nitakunywa maji ya ziwa. Zamani ulikuwa ukinibembeleza mimi, siku hizi unabembeleza kamba!"

Akacheka, akaifunga. Alikuwa akifungua chupa ya chai upepo ulipotupiga ubavuni. Akalirukia fundo, lakini lilikuwa limelowa na kukaza. Mashua ikapinduka. Wavuvi waliniokota nikiwa nimeng'ang'ania kasia alilonisukumia. Yeye walimpata kesho yake.

Chupa iliyookotwa ufukoni, ile mnayoisema, ilikuwa ya chai. Aliyetaka kamba ifungwe ni mimi, na jambo hilo sijamwambia hata binti yetu mpaka leo. Sasa mmejua. Liacheni jina la mume wangu, wala msije kuniuliza. Sina neno jingine la kusema.