Hodi ya Njia Nyembamba

Vumbi la mninga haliondoki kirahisi. Jumapili asubuhi, tukianza kupanda vilima vya Pugu, jasho langu linashuka mikononi likiwa na rangi ya chai, na wenzangu wananicheka wakisema navuja vanishi. Nafanya kazi Keko, kwenye karakana ya samani kando ya barabara. Wengine wanakata mbao, wanaranda, wanaunga. Mimi napiga msasa. Ni kazi inayomfaa mtu asiyependa kusema, kwa sababu ukifungua mdomo unakula vumbi.

Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa taratibu. Lakini msimu ule wa mashindano nataka niuandike, kwa kuwa sijawahi kumsimulia mtu.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, ya milimani, matairi yake yana meno. Ilikuja na stika ya maandishi nisiyoyajua na sijaibandua mpaka leo. Tulikuwa kikundi kidogo, watu wa Keko, Mbagala na Gongo la Mboto, kiongozi wetu braza mmoja mnene mwenye maneno mengi. Tulikuwa tunakutana pale lami inapoisha, tunaingia msituni.

Mle msituni kuna mahali njia inakuwa nyembamba, inabeba mtu mmoja tu. Aliye nyuma akitaka kupita lazima aombe. Vikundi vingine vinapiga kelele "Pisha! Pisha!" kama bodaboda. Sisi tulikuwa tunapiga hodi.

Aliyeanzisha hilo ni yeye. Alikuwa binti wa Mbagala, anafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Siku yake ya kwanza alikuja na mtandio umefungwa vizuri chini ya kofia ngumu, hakuna aliyemjua. Kwenye ile njia alimfikia braza, akaita kwa sauti ya jirani aliyekuja kuomba moto:

"Hodi humu ndani! Wenyewe mpo?"

Braza alicheka nusura aingie kichakani. "Karibu mama, pita, sie tuko jikoni."

Tangu hapo ikawa sheria. Unapiga hodi, wa mbele anajibu karibu, analalia kushoto, unapita. Asipojibu hupiti, kama ilivyo nyumbani kwa mtu.

Mashindano ya kwanza yalikuwa masika yalipokwisha. Wanaume na wanawake tulikuwa tunaanza pamoja, matokeo yanatengwa mwishoni. Miguu yangu ilikuwa na nguvu siku ile. Lakini kwenye njia nyembamba nilikwama nyuma ya mzee mmoja mwenye tumbo aliyekuwa anaendesha kama anakwenda msibani. Nikapiga hodi. Hodi yangu ilifia kooni. Nikapiga tena, hata mimi mwenyewe sikuisikia. Tulikwenda hivyo mpaka msitu ukaisha, nyuma yangu watu wananitukana. Nilimaliza karibu na mkia.

Yule binti alikuwa amekaa chini anamenya chungwa. Aliona kila kitu, maana alikuwa mmoja wa waliokwama nyuma yangu.

"Fundi," aliniambia, "ile ni hodi ya wapi? Kama mtu anaomba chumvi na anaogopa atapewa."

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia breki zangu. Akanipa nusu ya chungwa, akasema kwa sauti ya chini, "Jumapili ijayo kaa nyuma yangu. Nitakufundisha."

Akanifundisha kweli. Jumapili baada ya Jumapili nilikuwa nyuma yake kwenye ile njia, yeye anapiga kelele bila kugeuka, "Sijakusikia! Tumboni, siyo kooni! Mie nipo uani naosha vyombo, hodi gani hiyo?" Nami naita tena. Ikitoka vizuri anajibu "Karibu!" na kulalia kushoto. Siku nyingine nilikuwa naibana makusudi, maana nikiitoa vizuri nitapita, na nikipita sitauona tena ule mtandio wa bluu mbele yangu.

Mashindano ya pili niliita hodi mpaka ndege wakaruka. Nilishika nafasi ya tatu kwenye kundi la wanaoanza mchezo. Nilivishwa medali ya bati, braza akanibeba mgongoni, na yule binti akapiga vigelegele peke yake kama mama mzaa chema. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote. Nilirudi Keko nikiwa nayo ndani ya shati, ubaridi wake nausikia kifuani.

Mama yangu ni mtu wa Lindi, haambiwi jambo mara mbili. Jioni ile aliiangalia medali, akaniangalia mimi.

"Huyo binti unayemtaja kila Jumapili, ana kwao?"

"Anako, mama."

"Basi sema. Baba yako mdogo yupo, mshenga tutapata. Wataenda wakubwa kubisha hodi, watasema wao. We hutafungua mdomo kule. Kazi yako ni kuniambia mie tu, mama nendeni. Neno moja."

"Nitakwambia."

"Lini?"

Nikasema msimu ukiisha. Sijui kwa nini. Nilijiona kama nina muda.

Mashindano ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Pugu yote ilikuwa utelezi, udongo mwekundu umejaa kwenye matairi mpaka yakagoma kuzunguka. Kwenye mteremko wa mwisho wa msitu mnyororo wangu ukakatika na mkono wa gia ukajikunja. Nikasimama pembeni naangalia watu wanapita. Yeye alikuja, akaniona, akashuka.

"Endelea," nilimwambia. "Utapoteza nafasi."

"Nishapoteza. Nimeanguka mara mbili, tazama hiki kiwiko."

Tukatoka msituni tunasukuma baiskeli, mvua inatupiga. Tulikuwa peke yetu. Akasema bila kunitazama:

"Kuna mtu anataka kuleta watu nyumbani."

Nikasikia matairi yanavyokwaruza matope.

"Ni mtu wa Tanga. Shangazi anamfahamu. Mie sijajibu bado." Akasukuma hatua chache. "We unaonaje?"

Neno lilikuwepo. Alikuwa amenifundisha mwenyewe lilipo, tumboni, siyo kooni. Nililisikia likipanda.

Nikasema, "Ni mtu mzuri?"

"Mzuri."

"Basi sawa."

Alisimama. Alijifanya anaondoa udongo kwenye breki. Alipoinuka akasema, "Haya. Basi sawa," na hakuniita fundi. Tulifika kwa wenzetu, braza akatupigia kelele, "Hao wapenzi wa mvua wamefika!" na hakuna kati yetu aliyecheka.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa karakana, uso wote vumbi, nikasikia sauti yake nje. Alikuja na shangazi yake, mama mmoja wa makamo mwenye kanga safi. Nikafuta mkono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Shangazi, huyu ndiye kaka yangu wa baiskeli niliyekwambia," alisema. "Hapa ndipo wanapopiga msasa vizuri."

Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Katika ule ukimya wangu wote, jambo moja nililowahi kujisifia mbele yake lilikuwa msasa wetu.

Shangazi alitaka kitanda cha mninga, sita kwa sita. Zawadi yake kwa bi harusi, alisema, kwenda nacho Tanga. Akachagua ubao wa kichwani wenye nakshi ya maua. Bi harusi mwenyewe alikuwa anaitikia tu, anaangalia meza na makabati ya watu wengine. Walipoondoka fundi mkuu akanipigapiga begani.

"Cha harusi hicho. Sugua kama chako."

Nilikisugua. Nakshi haipigwi msasa kwa kipande cha mbao, unakunja karatasi kwa kidole na kuingia kila petali. Nilianza na msasa mkali, nikaja wa kati, nikamaliza na ule laini ambao kwa kawaida hatuumalizi kwa sababu mteja haoni tofauti. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "We, kitanda au kioo hicho?" Nikakunja karatasi nyingine. Niliporudi nyumbani mama aliuliza kama msimu umeisha. Nikamwambia bado kidogo. Kisha nikamwambia yule binti anaolewa. Mama aliacha kuchambua mchele, akaniwekea chai.

Mashindano ya mwisho yalikuwa ya mwisho kwake pia, kila mtu alijua. Kwenye njia nyembamba nilijikuta nyuma yake, kama Jumapili zote. Mbele yake peupe, nyuma yangu hakuna mtu. Nilikuwa na mbio za kumpita tangu mlimani, nikazizuia.

"Fundi," aliniita bila kugeuka. "Kama ni we, mbona hupigi hodi?"

"Nipo sawa hapa."

"Hupo sawa. Wenzako wanakwenda." Akakanyaga kidogo. "Piga. Usipopiga sitoki."

Nikapiga. Ilitoka yote, kubwa, ikaenda ikagonga kilima cha pili na kurudi. Nadhani msitu wote uliisikia.

Nilihesabu miti. Kisha akasema "Karibu," taratibu kabisa, akalalia kushoto, akaniachia njia yote. Nilipita karibu na bega lake. Sikugeuka, kwa sababu kwenye njia ile ukigeuka unaanguka.

Nilishika nafasi ya pili. Braza alinirusha juu, watu wakaniita simba wa Keko. Sikumbuki medali ilikuwa ya rangi gani. Nilimpa mama, akaitundika kwenye msumari wa kalenda.

Kitanda kilikauka vanishi katikati ya wiki. Fundi mkuu akaita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akaniambia niende na kitanda nikakifunge shangazi akikague kabla hakijaenda Tanga, kwa sababu aliyezoea kufunga alikuwa anaumwa. Tulikwenda Mbagala mimi na dereva, nimekaa nyuma nimeshika ubao wa kichwani usikwaruzwe. Nyumba ya shangazi ilikuwa na pazia la maua mlangoni, viatu vingi nje, harufu ya pilau, wanawake wanaongea ndani wote kwa mpigo.

Tukashusha ubao, mimi mbele, dereva nyuma. Tukafika mlangoni.

"Piga hodi basi," alisema dereva. "Mzigo unaniua."

Nikapiga. Ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, ya mtu anayeomba chumvi. Ndani waliendelea kuongea.

"We bwana una nini? Hiyo hodi au dua?" Dereva akavuta pumzi, akapaza sauti juu ya kichwa changu: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Ndani wakanyamaza. Nikasikia sauti yake kutoka uani, katikati ya mlio wa vyombo, sauti ile ile niliyokuwa nikiifuata msituni. Hakujua ni nani aliyesimama mlangoni. Alijibu kama anavyojibiwa mgeni yeyote aliyekuja na wenzake.

"Karibuni!"

Nikasogeza pazia kwa kichwa, maana mikono yote ilikuwa imeshika mbao, tukaingia.